KWENU SI MBUGA YA WANYAMA



Likizo hii ya Agosti nilipeleka familia yangu Nakuru, mji ulionilea. Tulienda kama watalii kabisa. Tukalala hotelini, tukalipa getini, tukaingia mbugani. Watoto walitaka flamingo. Nikawaeleza kwamba maji ya ziwa yalipopanda, hata geti kuu la zamani likafunikwa, na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Tukaona vifaru na twiga. Kesho yake tukapanda Menengai, tukapiga picha.

Tukiteremka, binti yangu akauliza, "Baba, nyumba yenu ilikuwa wapi?" Nikanyoosha kidole kuelekea Kaptembwo. Akasema, "Na hatuendi kusalimia mtu?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Mimi, ninayehubiri shukrani kila Jumapili!

Kaptembwo kuna mama tuliyeishi naye ploti moja. Januari 2008, mji ulipowaka, mama huyu wa kabila lingine alimficha mama yangu chumbani mwake siku tatu. Vijana walipobisha, akawaambia yuko peke yake. Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nami nimepita Nakuru mara ngapi nikienda mikutano Eldoret na Kisumu, bila kusimama? Kwanza nilikuwa na uchungu na mji. Uchungu ulipoisha, ikabaki aibu ya kuchelewa.

Tukageuza gari. Tulimkuta mlangoni akichambua maharagwe. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kijana yangu, umenenepa. Mama yako alikuambia alivyokuwa akikoroma? Mimi silali, naogopa watamsikia!" Tulicheka mpaka tukalia. Watoto wangu wakajua siku hiyo kwa nini walipata kumjua nyanya yao.

Soma Yoshua 4. Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kujibu. Jiwe langu lilikuwa limekaa Kaptembwo, nami nawaonyesha watoto twiga!

Utalii si dhambi. Ziwa ni kazi ya mikono ya Mungu, nenda ulione. Lakini ukienda kwenu ukaona wanyama usione watu, bado hujafika.

Najua wengine mtasema, "Mchungaji, kwetu niliumizwa." Nakuelewa. Sikulazimishi kubisha kwa aliyekuumiza. Hilo lina wakati wake mbele za Mungu. Bisha kwa aliyekuficha. Kwa aliyekulisha, aliyekulipia karo, aliyekuombea. Huyo anazeeka, na hakutumii ujumbe kukudai.

Desemba yaja. Kabla hujalipia hoteli, piga simu moja. Beba sukari na unga, beba watoto, keti kwenye kile kistuli, unywe chai.

Baba, utusamehe kuchelewa kwetu, na uwatunze waliotutunza mpaka tufike mlangoni pao. Katika jina la Yesu.

Ni nani aliyekuficha wewe? Mtaje leo katika maombi. Ameni.