Mafua Tu

Ikifika mwezi wa sita, huku Mollo, Sumbawanga, hatuamshwi na jogoo, tunaamshwa na vikohozi. Anaanza babu chumba cha uani, mjukuu anaitikia, jirani anapokea. Tuko juu, kama mita 1,800, na upepo wa asubuhi haujali umejifunga khanga ngapi. Juu ya hayo kuna vumbi la kupukuchua mahindi. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu: wazima, mafua tu.

Hiyo "tu" ndiyo inayotukera. Malaria ina chandarua na kipimo. Kifua kikuu kina dawa za bure. Mafua yana "tu". Mpeleke mtoto mwenye homa zahanati: anatobolewa kidole, malaria hakuna. Basi ni UTI. Mtoto makamasi yanamchuruzika mpaka mdomoni, kifua kinamvuta, halafu ugonjwa umekutwa kwenye mkojo! Tumeshazoea, homa isiyokuwa malaria huku ni UTI, ikiwa si UTI ni taifodi, na unarudi na amoksilini ileile, ambayo kirusi cha mafua hakiitambui kabisa. Kipimo cha mafua chenyewe hatujakiona kwa macho. Dawa ya kirusi hicho ipo duniani, ila inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 2 za mwanzo. Siku 2 hizo ndizo tunazozimaliza tukisema yatapita.

Na kwa wengi yanapita, tusiseme uongo. Kijana atapiga chafya wiki nzima na bodaboda yake haitalala. Tunaowalilia ni wale ambao hayapiti: bibi mwenye pumu, mama mjamzito, anayeishi na VVU, mtoto mchanga. Kwao yanashuka kifuani, yanageuka vichomi. Akifariki tunasema vichomi, au tunasema umri ulishakwenda. Mafua hayatajwi msibani. Watu wa mbali wakisikia jina la Sumbawanga wanauliza habari za uchawi. Hakuna anayeuliza habari za kifua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua ya msimu huua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka kwa kuwaharibia njia ya hewa. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 wanaokufa kwa mafua yaliyoshuka mapafuni, asilimia 99 ni wa nchi zinazoendelea. Yaani ni wa kwetu. Na chanjo ipo! Uingereza mzee wa miaka 65 anaitwa kila mwaka kabla ya baridi, anachomwa bure. Kwetu haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo. Watoto wetu wanapata ile ya nimonia tangu 2013, na tunashukuru, lakini ile ni ya bakteria.

Si kwamba uwanda huu haujui mafua yanaweza nini. Hapo ng'ambo ya mpaka, Mbala ya Zambia, enzi hizo ikiitwa Abercorn, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi waliovuka miaka minne ya risasi wakaanza kuanguka kwa mafua, vita imeshakwisha.

Tunaambiwa pia moshi wa kuni unachosha mapafu. Kweli. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Sawa, lakini usiku wa Julai mafiga si ya kupikia tu, ndiyo blanketi letu. Tunafunga mlango na dirisha, tunauzunguka moto watu saba, na anayekohoa yuko katikati.

Redio nayo inatusihi tuvae nguo nzito. Tumesikia. Sweta la mtumba ni moja, watoto watatu, na tumekubaliana livaliwe kwa zamu: anayekohoa zaidi anaanza, akipata nafuu anampa mwenzake.