Gari Likichemsha Likakataa Kuwaka



Katika joto la Maskati, gari langu lilichemsha njiani, likazimika. Kwa pupa nikazungusha ufunguo mara nyingi. Fundi alipoifungua injini alikuta maji yameingia ndani ya silinda, na mkono wa pistoni umepinda. Kwani maji hayashindiliki kama hewa.

Basi yakiwafika, ngojeni injini ipoe ndipo mfungue rejeta. Maji yakiwa yamepungua pasipo kuvuja nje, chomoeni kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, yamkini gasketi ya silinda hedi imeungua: msiwashe tena, livuteni kwa fundi. Hata oili ikiwa safi, stata ikikwama ghafla, acheni. Subira ya saa moja ni nafuu kuliko injini nzima.