Manukato Niliyoyasifia Bila Kuyanusa

Mwezi huu naungama uongo wangu. Mume wangu alirudi safari ya kikazi Dar na chupa ya manukato. Nikajipulizia mkononi, nikafumba macho, nikasema, "Asante baba, yananukia hatari!" Ukweli? Sikusikia kitu. Pua ilikuwa imeziba tangu Juni.

Wa Ilomba wenzangu mnanielewa. Mbeya yetu iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai baridi inauma mpaka mifupa; ikilegea, vumbi linashika zamu mpaka mvua zianze. Nikajiambia ni mafua tu, yatapita. Hayakupita. Paji la uso likawa zito, usiku nakoroma, mwenzangu akabeba blanketi kwenda sebuleni. Nikanuna, nikidhani amenichoka.

Nikawa mteja mzuri wa duka la dawa mtaani. Wiki hii vidonge vya kuua bakteria, wiki ijayo vingine. Na matone ya kuzibua pua, miezi mitatu hayakutoka kwenye mkoba wangu!

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliponiuliza nimeyatumia muda gani, nikamjibu. Akatikisa kichwa. Kumbe matone yale yakizidi wiki moja, kila nguvu ya dawa inapoisha pua huvimba upya, nawe unadondosha tena. Yaani nilikuwa nalipia kuziba kwangu mwenyewe! Akanieleza kuwa sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Vikivimba zaidi ya wiki 12, ugonjwa ni sugu, na mara nyingi tatizo ni uvimbe wenyewe kuliko bakteria. Ndiyo maana vidonge vyangu havikufua dafu.

Tiba yangu? Kuacha matone. Kusafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo ya bombani moja kwa moja. Halafu dawa ya steroidi ya kupuliza puani, wiki kadhaa bila kuruka siku. Jiko la mkaa nalo likahamia nje. Wiki ya kwanza nililia nataka matone. Mume wangu akayaficha.

Wiki ya sita, najiandaa kwenda kazini, nikajipulizia yale manukato. Asmini! Nikamwita, nikamwambia ukweli wote. Akacheka. "Nilijua, mke wangu. Maharage yaliungua umesimama pembeni ya sufuria. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Blanketi limerudi chumbani. Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, mwenzako akikoroma usimnunie, muulize anaumwa nini. Pua ikiziba miezi mitatu, muone daktari. Na jicho likivimba pamoja na homa kali, usingoje kesho.

Tukutane mwezi ujao.