Daftari la Wiki: Sherehe ya Desemba Iwe Wapi?

Desemba vyama vya akiba hugawana pesa za mwaka, na baki kidogo hutengwa kwa sherehe. Mjadala wa mahali huanzia kwenye picha za bustani za hoteli zinazozungushwa WhatsApp, kisha bei, kisha chakula. Kwa wanachama wanaoishi mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, naona mpangilio huo umepinduka. La kwanza kuuliza ni nani atashindwa kurudi nyumbani. Embu iko karibu sana na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza halibembelezi. Sherehe zetu nazo zinajulikana: chakula kilichotangazwa saa saba kinaliwa saa tisa, hotuba zinafuata, zawadi, na keki inakatwa taa zikiwa zimewashwa. Ukumbi ulio nje ya mji, hata ukitolewa bure, una gharama isiyoandikwa kwenye risiti: nauli iliyopanda kwa msimu, bodaboda ya usiku, mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Anayelemewa na gharama hiyo hasemi kitu kwenye mkutano. Siku ikifika anasema mtoto anaumwa.

Kwa hiyo nauona ukumbi wa kanisa au wa shule iliyo karibu kuwa chaguo bora kuliko unavyosifiwa. Mwezi huo shule zimefungwa, ukumbi umekaa tupu, una paa, vyoo na lango. Paa si jambo dogo, kwani mvua za vuli zinaweza kuendelea hadi Desemba, na hema la kukodi uwanjani halizuii tope. Bustani ya baa ina kasoro nyingine. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na sherehe ya chama huja na watoto. Kuwaketisha kati ya meza za walevi ni kuwakosea.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyechanga mwaka mzima anastahili siku moja ya kutoka mtaani, akae mahali pazuri ahudumiwe. Hoja hii ina uzito, hasa kwa wanawake ambao sherehe ya karibu huwageuza wapishi. Lakini dawa yake ni kuajiri wapishi na waoshaji kwa pesa ambayo ingelipia usafiri. Wengine watalalamika kwamba kanisani hakuna bia wala muziki wa kupasua spika. Ni kweli, na wanaoutaka usiku huo wanaweza kuufuata baadaye kwa mfuko wao. Mfuko wa chama ni wa wote.

Tarehe nayo ipangwe pamoja na mahali. Krismasi wapangaji wengi huwa wameshaelekea Runyenjes, Siakago au Meru kwa wazazi. Jamhuri, tarehe 12, bado wapo, na ukumbi ulioombwa mapema Novemba haugombaniwi na harusi.