Musoma: Msako pekee hautamaliza fujo mjini

Fujo za vijiweni zikiwachosha watu Musoma mjini, wengi hudai msako. Sheria ipo: kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mcheza kamari hadharani na mchochea vurugu. Shida ni kwamba kinamgusa hadi ombaomba.

Dar ilishapita huko. Januari 2015 Panya Road walisakwa, mamia wakakamatwa. Mwaka 2022 jina hilo likarudi.

Musoma, Mutex na viwanda vya samaki vilipoyumba, ajira ziliyumba pia, vijiwe vikabaki. Mwenye kosa akamatwe, sawa. Lakini bila taa, ulinzi shirikishi na kazi, difenda ikiondoka tu, kijiwe kinajaa tena.