Mashindano ya ski majini: tusitazame kasi pekee, tutazame na kilicho pembeni

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, vijana watatu wa mtaa wetu hapa Kilifi walinisubiri nje ya msikiti. Mmoja wao ni mpwa wangu. Walitaka niwaandikie barua ya kuomba ufadhili wa mashindano ya kuteleza majini kwa ski, wayafanye katika mkono wa bahari likizo ya Desemba. Mtaani kwetu ukishakuwa na diploma basi kila barua ni yako, kuanzia ya kuomba basari hadi ya kulalamikia maji ya mfereji. Nikawaambia ni jambo la kheri, lakini siandiki nisilolijua. Nipeni siku chache nisome kanuni za mchezo wenyewe.

Nimesoma, na badala ya kuwajibu wao watatu peke yao nimeona niliseme hapa. Likizo ikifika si wao tu watakaokuwa majini. Kila mwenye boti ya injini atakuwa anavuta watu juu ya maboya ya kupuliza, na jetski zitakuwa zinakata kona mbele ya watoto wanaoogelea.

Watu wengi wakiutazama mchezo huu huogopa kasi. Mimi pia nilidhani hivyo. Katika mashindano ya kupinda maboya, njia ina urefu wa mita 259. Boti hupita katikati moja kwa moja, haipindi. Anayepinda ni mtelezaji, kushoto na kulia, akiyazunguka maboya sita yaliyowekwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwa wanaume boti hufika kilomita 58 kwa saa, kwa wanawake 55. Ukifaulu kwa kasi hiyo hawakuongezei mwendo, wanakufupishia kamba: kutoka mita 18.25 hadi 16, kisha 14.25, 13, 12, na kuendelea. Ikifika 11.25 kamba ni fupi kuliko umbali wa boya lenyewe, kwa hiyo mtu hulazimika kujinyoosha mwili mzima juu ya maji ndipo alifikie. Na kwa kuwa anakata kutoka upande mmoja hadi wa pili, kasi yake huipita ya boti kwa mbali, hata kukaribia kilomita 100 kwa saa.

Sasa angalia walichofanya waliotunga kanuni. Ndani ya njia hiyo karibu hakuna kitu kigumu. Maboya ni ya plastiki laini. Boti ikilipanda boya, au mtelezaji akilipiga kwa mguu, boya ndilo linalosalimu amri. Wanajua mtu ataanguka. Kuanguka ni sehemu ya mchezo, maana kila mshindani huendelea mpaka pale anaposhindwa, na maji yakimpokea vizuri huinuka na kupunga mkono kuonyesha kwamba yu mzima.

Kitu kigumu kinachoruhusiwa katikati ya maji ni jukwaa la kurukia. Kwa wanaume huweza kuinuka hadi mita 1.8, na mrukaji hulijia kwa ubavu, kwa nguvu zake zote. Lakini hata hilo limefikiriwa. Uso wake huwa umelowa ili ski zisigande. Upande ambao mtu anaweza kuugonga akikosea hufunikwa kwa ubao wa mteremko, ili ateleze badala ya kukutana na pembe kavu. Mrukaji havai kofia ngumu kwa hiari yake, ni lazima. Tena kila mashindano rasmi huwa na msimamizi wa usalama, na kazi yake si kutoa alama.

Kwa hiyo hatari kubwa inayobaki ni ya pembeni: ukuta, gati, nguzo, mti, chombo kilichotia nanga. Ndiyo maana viwanja vingi vya mchezo huu huko Florida, Marekani, si bahari wala mito. Ni maziwa ya kuchimbwa kwa ajili ya ski tu, marefu na membamba, na kingo zake ni mteremko wa taratibu wa mchanga au nyasi. Mteremko huo huua mawimbi ya boti yasirudi katikati, na aliyekosea akafika ukingoni huburuzika badala ya kupigwa na zege.

Wapo pia waliochagua njia nyingine. Australia kuna mbio zinazoitwa Southern 80, kilomita 80 za mto Murray hadi mji wa Echuca. Huko boti hupita kilomita 150 kwa saa na nyuma yake wamening'inia watelezaji wawili, katika mto unaopindapinda wenye miti mikubwa kingo zote mbili na magogo yaliyozama. Mto hufungwa kwa watumiaji wengine siku hizo, waokoaji hupangwa njiani, na bado watu wamewahi kufa. Sisemi mbio hizo zifutwe, ni nchi yao na wenyewe wanaijua. Ila kijana wa Kilifi anayezitazama kwenye simu haoni maandalizi yote hayo. Anaona boti na maji, na boti na maji hata sisi tunavyo.

Kitu kilichonishika zaidi ni kanuni ya New South Wales, huko huko Australia, kwa vyombo vinavyovuta watu. Ukiwa kwenye mwendo sharti ukae angalau mita 30 kutoka nchi kavu, gati, nguzo na vyombo vilivyotia nanga, na mita 60 kutoka kwa mtu aliye majini. Tena kipimo hicho hakimhusu dereva na boti yake peke yake. Anapimwa na yule anayevutwa. Boti inaweza kupita salama salimini huku aliye mwisho wa kamba akitupwa pembeni kama jiwe la teo. Na mita 30 si nyingi kama zinavyosikika. Kilomita 58 kwa saa ni mita 16 kwa sekunde. Aliyeachia kamba akiwa bado amesimama na anaelekea kwenye gati ana kama sekunde mbili.

Mwaka jana nilikaa ufukweni nikitazama watoto wa dada yangu wakivutwa juu ya boya la kupuliza. Dereva alipita kati ya mashua mbili zilizotia nanga, kisha akakata kona ili watoto wapige kelele. Boya lilijitupa nje na kupita nyuma ya tezi ya mashua moja kwa umbali ambao ningeweza kuupima kwa hatua. Watoto walicheka. Dereva naye alicheka. Nilipomwendea aliniambia, "Usijali mzee, mimi nina miaka kumi kazini." Sikuwa na hasira naye sana, nilikuwa nimelipa mwenyewe.

Tukirudi kwenye mkono wetu wa bahari, una jambo ambalo maziwa ya Florida hayana. Maji yake yanatembea. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Boya lililofungwa vizuri maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye kamba yake imelegea na limesogea, na zile mita 11.5 hazipo tena. Hilo ni la alama tu. La kutisha ni kwamba vitu vigumu huonekana na kufichika. Nguzo za wando, mashina ya mikoko iliyokatwa, vipande vya gati la zamani, vyote maji yakijaa vimefunikwa kiasi cha mkono mmoja, na juu yake ni bahari shwari inayomwita mtu aje ateleze.

Nilimpeleka mpwa wangu kwa mzee mmoja mvuvi ambaye wando wake uko ndani ya sehemu waliyoichora vijana. Katika mpango wao wameandika kwamba "vikwazo vyote vitaondolewa kwa siku mbili". Mzee alisomewa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hicho unachokiita kikwazo ndicho kinachoninunulia unga." Hakusema kwa ukali. Halafu akaanza kuwaeleza mahali ambapo kuna mwamba chini, na mahali ambapo chelezo ya mtu ilizama akaiacha. Kwa nusu saa ile alitaja mambo ambayo hayamo katika mchoro wao hata moja.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokaa. Mashindano ni mgeni, wando ni mwenyeji. Njia ya ski ndiyo isogezwe, si mitego, mitumbwi wala nanga za watu. Kung'oa wando kwa siku mbili si kazi ya siku mbili, na nguzo ikikatwa juu hubaki kisiki chini, kibaya kuliko nguzo iliyokuwa ikionekana. Na kama hakuna sehemu yenye mita 259 za njia, nafasi ya boti kuanza na kugeuza, na mita 30 safi kila upande kutoka pale mtelezaji anapofika, basi hatuna uwanja wa mchezo huo. Tuwaandalie vijana kitu kingine. Ngalawa zetu hazijakosa watazamaji.

Kuhusu wakuu, hatuna upungufu wa majina. Kuna Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, inayosimamia leseni za vyombo vidogo na manahodha wake. Kuna walinzi wa pwani, idara iliyoanzishwa mwaka 2018. Kuna vikundi vya BMU ambavyo wavuvi wenyewe ni wanachama. Ningependa BMU ndiyo iwe ya kwanza kuulizwa, kabla hata ya mfadhili, kwa sababu ndiyo inayojua nani ameweka nini chini ya maji. Mara nyingi huitwa siku ya ufunguzi, wapewe viti vya mbele na chupa ya maji.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Akanitumia ujumbe, "Mjomba, wewe unataka kutuzuilia riziki." Nikamjibu kwamba barua nitaiandika, lakini itaambatana na mchoro mpya, na mchoro huo hautachorwa mezani.

Tumekubaliana kushuka bamvua ya mwezi kumi na tano, inshallah, asubuhi maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mzee atatangulia. Mashindano yenyewe, yakiwapo, yatapangwa siku za maji mafu ambapo bahari haipandi wala kushuka sana. Mpwa wangu amekusanya madumu matupu ya lita tano na kopo la rangi nyekundu, ili kila kisiki tutakachokikuta kifungiwe dumu lake. Jana aliniuliza kama madumu ishirini yatatosha. Mzee alicheka, akamwambia aongeze.