Moyo Ukienda Mbio, Si Kila Mara ni Presha

Na Salome Jumbe

Mkiwa ni njiapanda. Anayetoka Manyoni kwenda Singida mjini hupita hapa, na anayeelekea Itigi, Rungwa hadi Chunya hukata kona hapa. Hofu nazo hazikosekani: dereva wa lori aliyekesha barabarani, mwenye bodaboda anayedaiwa rejesho, mkulima wa alizeti anayetazama mbingu za Januari na deni la mbegu kichwani. Singida mvua ni ya msimu mmoja. Ikigoma, hakuna msimu wa pili wa kufidia.

Ndipo usiku moyo unapoanza kwenda mbio. Kifua kinabana, mikono inatetemeka, pumzi haitoshi, mtu anaona siku yake imefika. Jirani wa kwanza atasema ni presha na kumpa kidonge chake mwenyewe. Wa pili atasema kuna mkono wa mtu. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, homoni inayouandaa kukimbia au kupigana. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Adrenalini ikimwagika, huweza kupita kiwango hicho. Mwili hautofautishi simba na mdai. Kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Kinachoirefusha ni kuuogopa huo moyo: kadiri unavyousikiliza, ndivyo unavyozidi kudunda.

Hali hiyo ikikupata, kaa chini, legeza mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Kutoa ndiko kunakotuliza, usikuharakishe. Endelea hivyo kwa dakika tano. Punguza pia kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokesha navyo madereva. Navyo hukimbiza moyo.

Hata hivyo, usijitibu kwa kubahatisha. Moyo huenda mbio pia kwa upungufu wa damu, homa, matatizo ya tezi ya shingo, au ugonjwa wa moyo wenyewe. Ukizimia, ukiumwa kifua, au mapigo yakienda ovyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ugomvi wangu uko kwenye zahanati zetu. Mtu anapimwa malaria na presha, majibu yanatoka safi, anaambiwa "huna kitu", anarudi nyumbani na hofu yake. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe ipo Dodoma tangu 1927, lakini kwa wengi jina hilo ni la vichaa. Nani atapanda basi kwenda huko kwa sababu ya moyo kudunda? Zimbabwe walianza na benchi. Tangu 2006, Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mabibi hatujaishiwa. Halmashauri iwape somo hili la kusikiliza. Nawe mganga wa zahanati, majibu yakitoka safi usimwambie mtu hana kitu. Muulize kinachomnyima usingizi, kisha msikilize.